Karani wa korosho na ukungu wa saa 11 jioni: nilimpima macho saa mbaya

Kisa hiki kina kosa langu ndani yake, tena kosa la kizembe, kwa hiyo nakitoa chote. Mwenyewe nimemuomba ruhusa akasema andika tu ila jina langu usiweke, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha.

Ilikuwa Novemba, lile joto la Mtwara la kabla mvua haijashika, saa 11 na robo jioni nilikuwa nishaanza kufunika mashine zangu, akaingia dada mmoja wa miaka 27. Ni karani wa kuingiza data kwenye ofisi moja ya ushirika wa korosho hapa mjini. Wanaojua msimu wa korosho wanaelewa hiyo kazi ikoje: jina la mkulima, namba ya stakabadhi, kilo, daraja, makato, akaunti ya benki, mstari mmoja baada ya mwingine toka saa 2 asubuhi. Mnada ukishapita wakulima wanataka hela zao, na tarakimu moja ikikosewa kwenye akaunti hela haifiki na mtu anatoka kijijini kuja kumtafuta yeye aliyeandika.

Akaniambia hivi: "Dokta, miwani imeisha nguvu. Nikinyanyua kichwa kutoka kwenye kompyuta nje kote ukungu, boda akija simsomi namba mpaka anifikie hapa puani. Nikilala, asubuhi naamka naona freshi."

Hayo maneno ya mwisho, asubuhi naamka naona freshi, ndo yalikuwa jibu la kesi nzima, mi nikayasikia kwa sikio moja yakatokea la pili, nikavuta kiti nikampima.

Miwani yake ya zamani ilikuwa mainasi 2.25 kulia na mainasi 2.50 kushoto (mainasi ni namba ya lenzi ya mtu asiyeona mbali vizuri), ana miaka miwili nayo. Akiwa ameivaa, kwenye chati aliishia mstari wa 6/12, yaani mstari ambao mwenye macho mazuri anausoma akiwa mita 12 yeye lazima awe mita 6. Nikaongeza mainasi 0.50 kila jicho, akasoma 6/6 mpaka chini, akacheka, "eeh sasa ndo naona dunia". Nikaandika mainasi 2.75 na mainasi 3.00, akalipa, akaondoka. Dakika 20 nzima nzima na mi nikaona nimefanya kazi.

Baada ya siku 12 akarudi. Wala hakuja kwa shari, ndo aibu yenyewe ilipo, mtu akikugombeza unaweza ukajitetea. "Kaka, sikulaumu, ila hii miwani yako inanivuta macho." Kichwa kinamuuma juu ya nyusi kuanzia saa 8 mchana, maandishi ya karibu anayaona yamekaza na kuwa madogo, halafu ukungu wa jioni uliondoka siku nne tu ukarudi palepale, tena umeongeza muda. Zamani akitoka nje ya ofisi dakika tano mpaka kumi unaisha wenyewe, sasa anafika nyumbani Magomeni bado taa za magari anaziona zimetawanyika.

Hapo ndo nikamuuliza maswali ambayo nilitakiwa nimuulize siku ya kwanza.

Ukungu upo macho yote mawili au moja? Yote, amejaribu kuziba moja moja. Ukipepesa unaondoka? Akafikiri, akasema kuna unaoondoka na kuna usioondoka. Nikamwambia rudia hapo, akaeleza vizuri kabisa kuliko kitabu: mchana kwenye kompyuta kwenyewe herufi zinayeyuka, akipepesa mara mbili tatu zinarudi. Ila ule wa jioni wa kuangalia mbali, hata apepese mpaka achoke haubanduki, unaondoka polepole wenyewe. Yaani ana matatizo mawili na yote anayaita ukungu. Watu wengi wako hivyo na sisi wapimaji tunayachanganya kama wao.

Mapumziko unapumzika? "Napumzika sana, kila saa nzima naacha kazi dakika kumi." Unafanya nini kwenye hizo dakika kumi? Akanyanyua simu, akanionyesha. Mapumziko yake ni simu, sentimita 25 kutoka usoni.

Nikamwomba aje Jumamosi saa 2 asubuhi, asiguse kompyuta, na simu ikiwezekana aiache kwenye pochi. (Aliigusa kwenye bajaji, alikiri mwenyewe.) Nikampima na miwani ya zamani, ile ile aliyoniambia imeisha nguvu. Akasoma 6/6. Miwani ile ile, chati ile ile, chumba kile kile, mtu ndo yule yule, tofauti ni saa tu. Sasa miwani gani inaisha nguvu jioni halafu usiku inajichaji?

Nikamwambia leo nakuwekea dawa ya kulegeza msuli wa jicho, cyclopentolate, utakaa kama dakika 40 halafu nitapima tena, na mpaka kesho utaona vya karibu kwa shida na mwanga utakusumbua kwa hiyo leo hesabu za wakulima usahau. Baada ya dawa kushika, macho yake yakatoa namba yao ya kweli: mainasi 2.00 kulia, mainasi 2.25 kushoto. Mi nilikuwa nimempa mainasi 2.75 na 3.00. Nilimzidishia robo tatu nzima kila jicho, na hata ile ya zamani ilikuwa imezidi kwa robo.

Sasa hii robo tatu imetoka wapi, nieleze taratibu kidogo maana ndo kiini chenyewe.

Ndani ya jicho kuna lenzi, imezungukwa na msuli mdogo wa duara unaoitwa siliari. Ukiangalia mbali msuli umelegea. Ukiangalia karibu msuli unajikaza, lenzi inavimba, picha ya karibu inakaa sawa kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kiasi cha kazi ya msuli kinapigwa kwa hesabu rahisi sana, chukua 1 gawanya kwa umbali kwa mita. Kitu kikiwa nusu mita, kazi ni diopta 2 (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, ndo zile zile namba za miwani). Sentimita 40, diopta 2.5. Simu ya sentimita 25, diopta 4. Hiyo ni kwa mtu ambaye haitaji miwani ya mbali, au anayehitaji na ameivaa iliyo sahihi.

Nikampa laptopu yangu nikamwambia kaa kama unavyokaa ofisini, fungua jedwali lolote andika. Nikachukua rula nikapima kutoka jicho mpaka kioo: sentimita 31. Nikamuuliza mbona umeinama hivyo kama unachambua mchele, akasema jedwali la ofisini lina safu nyingi, bosi anataka zote zionekane kwa pamoja, kwa hiyo Excel ameipunguza mpaka asilimia 70. Herufi zimekuwa kama mchanga, ndo anazifuata. Sentimita 31 ni diopta 3 na kidogo. Ongeza ile robo tatu niliyomzidishia mimi, maana mainasi iliyozidi msuli lazima uifidie kwanza ndo uanze kazi yenyewe, tunafika diopta 4, saa nane tisa kwa siku, na mapumziko yake ni kwenda kwenye simu ambako kazi ni kubwa zaidi.

Kwa miaka 27 nguvu hiyo msuli unayo, wala hashindwi kusoma. Shida ni kuachia. Chukua mtu aliyebeba ndoo ya maji toka bombani kwa mkono mmoja mwendo mrefu, akiitua vidole havinyooki hapohapo, vinabaki vimejikunja kama bado vimeshika mpini. Msuli wa jicho nao hivyo hivyo, unanyanyua kichwa uangalie boda lakini wenyewe bado umeshika kompyuta. Jicho linabaki limewekwa kwa ajili ya karibu, na jicho lililowekwa kwa ajili ya karibu likiangalia mbali linaona ukungu, kama mtu aliyeongezewa mainasi kwa muda. Kwa watu wengi inaisha ndani ya sekunde au dakika chache na hata hawaioni. Wenye macho yasiyoona mbali huwa inawapata zaidi na inachelewa kuondoka kuliko wengine. Msuli ukizoea kukaza siku nzima mfululizo unaweza ukang'ang'ania mpaka mtu anapimwa anaonekana namba imepanda kumbe ni mkazo.

Ndo nilichofanya mimi. Nilimpima saa 11 jioni, msuli bado umeshika, mashine ikasoma mkazo ikadhani ni jicho, na mi nikauandika mkazo kwenye cheti nikautengenezea lenzi nikamuuzia. Halafu lenzi ikamwambia msuli kaza zaidi. Siku nne za mwanzo aliona vizuri kwa sababu lenzi ilikuwa imeufikia mkazo wa zamani, siku ya tano msuli ukaongeza mkazo mpya juu yake. Angeenda kwa mwingine jioni nyingine angepewa mainasi 3.25, na mwakani 3.75, na kila mtu angesema macho yake yanashuka kwa kasi sababu ya kompyuta.

Siku ya dawa kulitokea kitu ambacho sikukipanga. Amekaa kwenye benchi anasubiri, mboni zimepanuka kama za paka usiku, simu ikaita, ni mama yake. Baada ya hapo akataka kusoma meseji, na miwani usoni haoni kitu, msuli si umelala. Akavua miwani kwa hasira, akaisogeza simu mbele kidogo, akanyamaza. "We kaka, mbona nasoma?" Alikuwa ameishika kama sentimita 45 hivi. Piga hesabu: mainasi 2.25, 1 gawanya kwa 2.25 ni mita 0.44. Jicho lisiloona mbali bila miwani lina sehemu yake karibu ambapo linaona safi bila msuli kufanya kazi yoyote, na kwake yeye sehemu hiyo iko hapo hapo panapokaa kioo cha laptopu. Miaka yote anavaa miwani ya mbali kufanya kazi ya karibu, halafu msuli unalazimika kuifidia ile miwani kwa nguvu. Sijawahi kupata mfano wa kumweleza mtu mzuri kama huo na umekuja kwa simu ya mama.

Kabla sijasahau ule ukungu wa pili, wa kuyeyuka na kurudi. Alipokuwa anaandika kwenye laptopu yangu nilihesabu anavyopepesa bila kumwambia: mara 6 kwa dakika. Tulipokuwa tunapiga stori mwanzo nilihesabu 17. Macho yakikodolea kioo yanasahau kupepesa, machozi yanakauka juu ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, uso wa jicho unakuwa na mabaka na picha inavurugika, ukipepesa unapaka machozi upya inarudi. Nikamwekea ile rangi ya njano ya kukagua machozi, utando wa machozi ulipasuka kwenye sekunde 5 wakati tunapenda ukae angalau 10. Nikamuuliza feni iko wapi ofisini. Mezani, pembeni ya kompyuta, inampiga usoni moja kwa moja. Kwa joto la Novemba siwezi nikamlaumu, ila ndo ilikuwa inamkausha.

Kuna vitu vilibidi vitolewe njiani kwanza. Mama yake ana kisukari, na sukari ikipanda lenzi ya jicho inabadilika na mtu anaweza akaona ukungu wiki hii na wiki ijayo akaona vizuri, kwa hiyo nilimtuma akapime sukari kabla hajanywa chai, ikarudi 5.1, iko sawa. Nilimwangalia retina wakati mboni zimepanuka, haina shida. Shinikizo la macho kawaida. Na nilimuuliza dawa za duka, maana ofisini kwao kuna mama mmoja alimpa kichupa cha matone "kinasafisha macho", nikamwambia kilete, kukisoma kina steroidi. Hayo matone macho yanakuwa meupe na unajisikia vizuri kweli, ila ukiyatumia muda mrefu bila usimamizi yanaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho. Alikuwa ametumia mara tatu tu. Kilibaki kwangu.

Nimwambie na anayesoma hapa: ukungu wa jicho moja tu, au uliokuja ghafla ukakaa, au unaona kama pazia linashuka pembeni, vimulimuli vya radi, vidoa vyeusi vingi kwa mpigo, au jicho jekundu linauma, hiyo sio habari ya kisa hiki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wasioona mbali hasa wenye namba kubwa ndo retina zao ziko kwenye hatari zaidi ya kubanduka. Kuna kipimo kidogo cha nyumbani, toboa karatasi ngumu kwa sindano, ukungu ukija chungulia kwa hapo kitundu. Ukiona safi zaidi basi shida iko kwenye kulenga picha, kama huyu dada. Usipoona tofauti, kuna kitu kingine, na hata ukiona safi bado kapimwe, kitundu sio daktari.

Tulifanya nini. Miwani ya mainasi 2.75 na 3.00 niliichukua, nikamtengenezea mainasi 2.00 na 2.25 kwa gharama yangu, ndo adabu. Jumatatu yake alinipigia saa 12 jioni analalamika mbali haoni vizuri, nikamwambia ndo msuli bado, vumilia wiki. Kwenye kompyuta nikamwambia avue miwani kabisa, akae sentimita 45, hii inakubali kwake kwa sababu macho yake mawili yanakaribiana namba na hana astigmatizimu ya maana (yaani jicho kupinda isivyo sawa pande zote), wewe mwenye mainasi 5 au macho yaliyopishana usiige, utajikuta umeinama mpaka pua iguse kibodi. Feni ikahamishiwa miguuni. Kioo kikashushwa chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike zaidi. Matone ya machozi ya bandia mara tatu kwa siku. Excel ikapandishwa asilimia 120, hii ndo ilikuwa vita, maana bosi anataka aone safu zote, wakakubaliana zile safu za makato zifichwe akiwa anaingiza majina.

Kile kikanuni maarufu cha kila dakika 20 angalia futi 20, yaani mita 6, kwa sekunde 20, nilimwambia ila nikajua hatokifuata, nani anaangalia saa kila dakika 20 wakati wakulima wako dirishani. Tukakifunga kwenye kazi yenyewe: kila akigeuza ukurasa wa daftari la wakulima, aangalie mnazi ulioko ng'ambo ya uwanja wa maghala mpaka makuti yaachane moja moja. Makuti yakiachana msuli umeachia, arudi kazini. Ni kipimo na mazoezi kwa pamoja. Na mapumziko ya dakika kumi simu inabaki mezani.

Aliniuliza kuhusu ile miwani ya kompyuta yenye kioo cha kuzuia mwanga wa bluu, dukani kwangu ninayo na ningeweza kumuuzia. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 17 na hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta, angalau kwa muda mfupi uliopimwa. Nilimwambia hela hiyo kanunulie matone.

Januari msimu umepoa akaja, safari hii mi ndo nilimwambia aje jioni, saa 11 na nusu, katoka kazini moja kwa moja. Na miwani mpya akasoma 6/6, mstari wa mwisho akababaika herufi mbili, akasubiri kidogo akazisoma. Kichwa hakiumi. Ukungu bado unakuja siku za malipo, anasema unakaa kama dakika moja mpaka mbili halafu unaondoka, na bosi akiwepo Excel inarudi asilimia 70. Akaniuliza kama akiendelea hivi mainasi 2 itaisha avue miwani kabisa. Nikamwambia hapana, ule mkazo ndo umeondoka, hii mainasi 2 ni urefu wa jicho lenyewe, jicho limeshakua refu na halirudi kuwa fupi kwa kuangalia mnazi.

"Basi nibadilishie fremu," akasema, "hii inanibana pua."